Rangi Mbili

Juu ya uwanda wa chokaa, nje kidogo ya Trieste,
upepo wa huko huitwa Bora,
ingawa mwenye kofia haoni ubora wake.
Unagonga madirisha ya maabara
tangu saa mbili usiku, haujachoka.

Savina Žerjal hana habari nao.
Jicho lake liko kwenye hadubini,
na chini ya hadubini kuna tone,
na ndani ya tone kuna fuwele
iliyokuzwa kwa protini ya ute wa yai,
wiki tatu, kwenye kabati ambalo mlango wake
haukubamizwa hata mara moja.

Ukiitazama utasema: hili ni jiwe.
Si jiwe. Karibu nusu yake ni maji.
Ibane kwa koleo, itapondeka kama jibini bichi.
Protini zimesimama safu kwa safu,
lakini mabega ya mviringo hayagusani kote;
yanaacha vichochoro,
na humo maji yanaishi: mengine yameng'ang'ania ukuta,
mengine yanazurura kama watu wasio na miadi.

Anadondosha rangi ya buluu.
Anabonyeza saa.

Hakuna anayeisukuma rangi.
Hapa ndipo wanafunzi wake hukwama,
wakidhani molekuli inajua iendako.
Haijui. Inapigwa kikumbo na maji, inarudi,
inapigwa tena, inaenda, inagusa ukuta,
inanata kidogo, inabanduka.
Mlevi mmoja kichochoroni huenda asifike kwake;
walevi milioni, usiku kucha,
wataujaza mtaa mzima sawasawa.

Na fuwele ikiwa nene mara mbili
subira haizidi mara mbili: huzidi mara nne.
Ameiandika hesabu hiyo kwenye karatasi,
akaibandika juu ya jokofu,
karibu na zamu za usafi.

Dakika ya pili, kingo zimeanza buluu.
Ya saba, imeingia upindo tu wa kitambaa,
katikati bado peupe.

Simu. Ni kaka yake, Stojan,
yuko chemchemini, koti limelowa,
siku ya sita tangu amwage rangi ya kijani
pale pangoni mto unapomezwa na ardhi.
"Hakuna kitu. Maji safi kama ya ubatizo.
Ya kwako je?"
"Yangu imefika robo."
"Robo ya nini?"
"Ya punje ya chumvi."
Anacheka, kwa mara ya kwanza wiki hii.

Buluu ni mtangulizi tu. Kesho itaingia dawa,
molekuli pana kuliko rangi, yenye kiwiko upande mmoja,
na hajui kama vichochoro vitaipisha.
Mwezi uliopita aliimimina nzito, yote kwa mkupuo;
fuwele ikapiga mwayo, ikapasuka katikati,
wiki tatu zikawa tope.
Wahenga walisema chururu si ndo ndo ndo.
Humu ndani kinachoua ndicho chururu.
Ataidondosha. Ataongeza kidogo. Atakunywa kahawa iliyopoa.

Saa saba kasorobo simu inang'aa: picha.
Ndoo, kuku watatu, bomba la uani,
na maji ya kijani kibichi yakifurika.
Kwa Bi Albina, anaandika Stojan,
kijiji cha upande mwingine kabisa,
ambako hatukuweka hata chupa moja.
Ameshawapigia polisi.

Savina anacheka peke yake, mkono mdomoni,
kisha anakumbuka, anainamia hadubini.
Fuwele yote ni buluu.
Rangi iliingia kwa pande zote;
anapatafuta mahali ilipojikuta uso kwa uso,
mshono, mstari, hata doa.
Hapaoni.
Anaandika saa, na pembeni, kwa herufi ndogo: kuku.